Kafeli Kiingereza au Ana Tatizo la Lugha? Jinsi Ninavyomtambua na Kumsaidia, Kutoka Darasani Tabora

Walimu wenzangu habari za kazi. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili hapa Tabora, mwaka wa nane huu, na sasa hivi niko chuo pia nasoma elimu maalumu, na upande wa matatizo ya lugha ndo ulionivuta zaidi. Kila muhula ukianza kuna mwalimu atanifuata na daftari la mtoto mkononi, madamu hebu muone huyu, haandiki, haongei, ukimuuliza anakuangalia tu, huyu si ni wa kwenu huko elimu maalumu? Sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa vile ninavyofanya, kuanzia siku ninayomtilia mtoto mashaka mpaka siku namfungulia faili. Hakuna mashine wala kitu cha bei, ni daftari moja na boksi la vitu vya jikoni basi.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote yatakayofuata, Kiingereza weka pembeni. Mtoto wetu wa Tabora nyumbani anaongea Kinyamwezi, au Kisukuma, au Kiha kama wazazi walihamia kwenye mashamba ya tumbaku huko Urambo na Kaliua. Akienda shule ya msingi miaka saba yote ni Kiswahili. Alafu Januari moja anavaa sare mpya, anakaa kidato cha kwanza, na ghafla Bailojia ni Kiingereza, Jiografia Kiingereza, Hisabati Kiingereza. Akinyamaza miezi mitatu ya kwanza huyo sio mgonjwa, anasikiliza. Mtu yeyote anayeingizwa kwenye lugha mpya huwa na kipindi cha kunyamaza na ni kitu cha kawaida kabisa. Kwahiyo ukitumia alama za Kiingereza kuamua nani ana tatizo la lugha utawapeleka nusu ya darasa, na yule mmoja mwenye tatizo kweli atapotea humohumo katikati yao.

Mwaka juzi nilikuwa na wawili dawati moja, mvulana na msichana, testi ya kwanza wote wakapata 8 kwa 100. Ofisini wote waliitwa wazito. Nikawachukua kila mmoja kwa wakati wake, chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko la shule, na nikamuomba mama mpishi akae nasi maana mimi ni Muha wa Kasulu, Kinyamwezi changu ni cha salamu. Mama akaanza na mwangaluka, mtoto akaitikia, akalegea mabega. Mvulana nikamuuliza, nimesikia kwenu mnarina asali, hebu msimulie mama huyu mnafanyaje. Kwa Kiswahili alikuwa anatafuta maneno, lakini alipohamia Kinyamwezi aisee alifunguka. Unaangalia kwanza upepo unatoka wapi, unawasha moshi, baba anapanda na kamba, mzinga unashushwa hivi sio hivi, na siku moja nyuki walimfuata kaka mpaka mtoni. Mama mpishi anacheka, anauliza, yule anajibu, anarudi pale alipoachia. Mwisho mama akaniambia, mwalimu huyu mtoto anaongea kama mzee.

Msichana nikamuomba asimulie jinsi ya kupika ugali na mlenda, kazi anayoifanya kila siku. Akasema maji. Unaweka. Ile... unaweka. Mama anaweka. Mikono yake yote miwili ilikuwa inakoroga hewani, inasonga ugali vizuri kabisa, ikapunguza moto, ikafunika, yaani mikono ilipika chakula chote mpaka kikaiva lakini maneno hayakutoka. Mwiko akauita kile cha kusongea, mlenda akauita ile ya kuteleza. Tukarudia kwa Kiswahili, hivohivo. Mama mpishi alinyamaza kidogo akasema kwa sauti ya chini, mwalimu, huyu hata Kinyamwezi hakimtoki.

Hapo ndo penyewe. Tatizo la lugha halichagui lugha moja likaacha nyingine, likiwepo litaonekana kwenye kila lugha anayoiongea mtoto. Mvulana alihitaji muda na mwalimu wa Kiingereza mwenye subira, msichana alihitaji kitu kingine kabisa, na alama zao zilikuwa sawasawa.

Jina la tatizo hili ni tatizo la ukuaji wa lugha, kwa Kiingereza developmental language disorder, kwa kifupi wataalamu wanaliita DLD. Zamani kila nchi na kila kitabu kilikuwa na jina lake, mpaka wataalamu zaidi ya 50 wakiongozwa na Dorothy Bishop wa Oxford walipokaa wakakubaliana jina moja, ikachapishwa 2017. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa 2016 ulikuta ni kama watoto 7 kwenye kila 100. Ukiipiga hesabu hiyo kwenye mkondo wa watoto 80 ni watano au sita. Mara nyingi linatembea kwenye ukoo. Halisababishwi na mzazi kuwa mvivu, wala na mtoto kuongea lugha tatu.

Na kuna mtego hapa ambao mwalimu wa Kiingereza ndo anaingia kirahisi kuliko wengine. Mtoto wa Kiingereza, aliyezaliwa nacho, akiwa na DLD moja ya dalili zake ni kuacha ile -s na ile -ed, anasema "he go", "yesterday I walk" hata kwenye umri ambao wenzake walishaacha. Sasa hayo si ndo makosa ya kila mwanafunzi wetu? Profesa Johanne Paradis wa Canada ameandika sana kuhusu jambo hili, kwamba anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili na mwenye tatizo la lugha wanafanana kwenye makosa hayo. Kwahiyo ukipakua testi ya Uingereza ukampa mtoto wa Nzega, majibu yatakwambia darasa zima lina tatizo. Hivohivo na l na r, anayesema "lice" akimaanisha "rice" amebeba Kinyamwezi chake tu, usimpeleke popote.

Haya, hatua zenyewe.

Anza na masikio kabla hujaenda popote. Asiyesikia vizuri anafanana kabisa na mwenye tatizo la lugha, na anafanana na mtukutu pia, maana unampa kazi hii anafanya ile. Uliza kama aliwahi kutokwa usaha masikioni. Alafu mpeleke sehemu tulivu, akupe mgongo, simama nyuma yake umbali wa mkono, azibe sikio moja kwa kidole, nong'ona maneno ya kawaida, kijiko, mbuzi, saba, sabuni, ayarudie. Maneno sita sikio hili, sita lile. Akikosakosa, usiendelee na hatua nyingine yoyote, mwandikie aende kituo cha afya na wao wampe rufaa hospitali ya mkoa pale Kitete kama itabidi. Nimeshamuona mtoto aliyekaa dawati la nyuma miaka anaitwa mjinga kumbe masikio yamejaa nta, yaliposafishwa alishtuka na sauti za viatu vyake mwenyewe. Na ikionekana ni kiziwi, hapahapa Tabora tuna shule ya viziwi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki 1963, ya kwanza nchini. Hapo tuelewane vizuri, lugha ya alama ni lugha kamili, kiziwi anayeongea vizuri kwa alama hana tatizo la lugha hata kidogo, shida ni sisi tusioijua.

Kinachofuata ni historia ya magonjwa, na kwetu huku huwezi kuikwepa. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 mkoa wa Tabora ndo uliongoza kwa malaria kwa watoto chini ya miaka mitano, kama 23 kwa kila 100 waliopimwa. Malaria ikipanda kichwani mtoto akazimia, anaweza kupona akabaki na shida ya lugha au kumbukumbu, watafiti waliowafuatilia watoto kule Kilifi, Kenya, waliliona hilo miaka kadhaa baada ya ugonjwa. Mzazi hawezi kukwambia malaria ya kichwa, atakwambia alishikwa na degedege, au alilala siku mbili bila kujitambua tukampeleka kwa wataalamu. Uliza kwa maneno yao. Na kama kuna ugonjwa wa namna hiyo uandike, maana DLD ni jina la pale ambapo hakuna sababu kama hiyo inayojulikana, na daktari atataka kujua.

Simulizi ya lugha ya nyumbani nimeshaieleza, naongeza tu mambo mawili. Mtoto asimulie kitu anachokijua kwa mikono yake, sio hadithi ya sungura na fisi uliyompa wewe, maana hadithi anaweza kuwa hajawahi kuisikia. Na msikilizaji awe mtu mzima anayeijua lugha hiyo vizuri na sio mwalimu, mpishi, mlinzi, mama muuza maandazi getini. Muulize swali moja tu, huyu mtoto anaongea kama watoto wenu wa umri huu? Usimpe maneno ya kitaalamu. Wanajua. Miaka yote hii sijawahi kumuona mpishi au mlinzi akikosea sana kwenye hilo.

Alafu tenganisha kuelewa na kusema. Hili nililipata chuoni wiki ya pili, tulipoanza na ubongo. Mwaka 1861 kule Paris, daktari Paul Broca alipokea mgonjwa ambaye neno lililomtoka lilikuwa "tan" tu, tan, tan, ila ukimsemesha anaelewa. Alipofariki wakaukuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Sio ugonjwa wa wanafunzi wangu huo, lakini nilirudi darasani nikagundua mimi kila siku nilikuwa napima kusema peke yake, asiyejibu namuandikia haelewi. Sasa nafanya hivi. Naweka mezani kijiko, kikombe, kalamu nyekundu, kalamu ya bluu na daftari, mikono yangu naificha nyuma nisije nikaonyesha kwa kidole, natoa agizo kwa Kiswahili, weka kalamu nyekundu chini ya daftari kabla hujanipa kikombe. Anayeelewa lugha atafanya kwa mpangilio. Yule msichana alinipa kikombe, akasimama, akaangalia uso wangu, akaanza kugusa kimoja kimoja akisubiri nitikise kichwa. Ndo nikajua darasani siku zote alikuwa anasoma nyuso zetu, sio maneno yetu, na alikuwa hodari kiasi kwamba miaka saba ya msingi alipita hivohivo.

Kingine ni maneno ya kubuni. Tunga maneno yasiyo na maana yenye silabi za Kiswahili, mengine mafupi mengine marefu, tibaku, nomalibe, kasupidonga, mefutirolaki. Unatamka mara moja anarudia. Kwa sababu hakuna aliyewahi kuyasikia, hapo wa mjini na wa kijijini, wa Kinyamwezi na wa Kiha, wako karibu sawa. Wenye DLD wengi mafupi wanayarudia vizuri, yakifika silabi nne tano yanavunjika. Wape na wenzake kumi wa darasa hilohilo ili uwe na cha kulinganisha, usimpime mtoto mmoja ukatoa hukumu.

Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinachukua wiki mbili. Jumatatu namfundisha maneno matano mapya kwa vitu halisi, Jumatano namuuliza, Ijumaa namuuliza, Jumatatu inayofuata tena. Sipimi anajua nini, napima anajifunza vipi nikimshika mkono. Mgeni wa Kiingereza tu atakosa Jumatano, utamkumbusha, Ijumaa anazo tatu, Jumatatu nne. Mwenye tatizo la lugha unamkumbusha Jumatano, Ijumaa zimepotea, unaanza upya, anapata moja, na analiona hilo mwenyewe na linamuumiza. Mvulana wa asali alifika matano siku ya tisa. Msichana alifika mawili.

Sasa mzazi, na hapa naomba msome taratibu maana tunaharibu sana. Mzazi akiitwa shule anajua mtoto anafukuzwa au kuna mchango. Mama wa yule msichana alikuja kavaa nguo za kanisani siku ya Jumanne, kashika kanga kwa mikono miwili. Nilimpa shikamoo mimi kwanza, nikampa kiti changu, nikamwambia mama nimekuita unifundishe kuhusu mwanao, wewe umeishi naye miaka kumi na minne mimi miezi mitano. Usianze kwa kusema mwanao ana tatizo. Uliza alianza kutamka maneno lini ukimlinganisha na dada yake au kaka yake, ukimtuma dukani vitu viwili anarudi na vingapi, akirudi kutoka msibani anawasimulia nini, na kwenye ukoo wa baba au wa mama kuna aliyechelewa kuongea. Mama akasema, mwalimu, huyu ukimtuma chumvi na kiberiti analeta chumvi. Alafu akasema mjomba wake alikuwa hivohivo, sasa hivi ni fundi seremala, watu wanamfuata mpaka kutoka Sikonge.

Alafu akasema kitu ambacho sijakisahau. Darasa la pili kuna mwalimu alimuita akamwambia mtoto anachelewa kwa sababu nyumbani mnaongea kilugha, acheni, ongeeni Kiswahili tu. Wakatii. Lakini bibi anayelala naye, aliyekuwa anamsimulia hadithi kila usiku, Kiswahili hakijui. Kwahiyo bibi akanyamaza. Miaka mitano mtoto mwenye shida ya lugha analala pembeni ya mtu anayempenda kuliko wote na hakuna anayeongea. Ushauri ule walimu wengi tunautoa kwa nia njema na ni wa makosa, lugha mbili hazisababishi tatizo hili na kuondoa moja hakuliponyi, unachoondoa ni mazungumzo. Mwambie mzazi aongee na mtoto lugha ile anayoiongea vizuri kuliko zote, kwa wingi, wakati wa kupepeta mchele, wakati wa kumenya, popote. Nilimwambia mama rudi nyumbani umwambie bibi aanze tena. Alilia pale ofisini.

Na kama utasikia wanasema mtoto akatwe kimeo au akatwe udata ndo ataongea, kaa nao uwaeleze kwa heshima bila kuwakejeli. Kukata kimeo kwa wembe mtaani kunaleta damu nyingi na maambukizi, watoto wamekufa, na kimeo hakihusiani na mtoto kuchelewa kuongea. Udata ni kweli upo, ulimi unakuwa umeshikwa chini, ila kazi yake ni ya hospitali, na unaweza kugusa baadhi ya matamshi, hauwezi kumfanya mtoto ashindwe kupanga sentensi au kuelewa agizo.

Darasani nafanya nini na nina watoto 78? Nafanya vitu vichache kila siku bila kuruka. Namuita jina kwanza ndipo naliuliza swali, sio swali kwanza alafu jina, maana ukitanguliza swali hakujua lilikuwa lake. Nikishauliza nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mwanzoni ukimya huo ni mgumu, darasa linataka kumjibia, nimewazoesha kwamba mtu akiulizwa tunamsubiri. Maagizo nayakata, moja, linafanyika, la pili. Kunakili ubao mzima nimeacha, anapata notsi za mwenzake anapigia mstari maneno niliyoyataja.

Maneno mapya ndo kazi kubwa. Kabla ya kipindi, paredi ikiisha, nampa maneno matatu tu ya siku hiyo. Chukua neno "container". Zamani ningeandika ubaoni na maana yake nikaendelea. Sasa natoa kwenye boksi sufuria, chupa, kikopo cha maziwa na kitambaa. Kipi sio? Kwanini sio? Tunalipiga makofi kwa silabi, con-tai-ner, tatu. Linaanza na sauti gani. Kinafanya kazi gani, kinabeba kitu ndani. Nyumbani kwenu kuna kipi, akasema debe la kuwekea mahindi, nikamwambia hicho ni "container" kikubwa sana. Alafu neno hilohilo nalirudisha kesho, keshokutwa na wiki ijayo, kwenye sentensi nyingine, na nikimkuta bombani na ndoo namuuliza umeshika nini. Wenzake wanahitaji kulisikia mara chache, yeye anahitaji mara nyingi sana na katika hali tofauti, hiyo tu ndo siri. Na darasa zima linafaidika maana Kiingereza ni kigeni kwa wote.

Wenye kigugumizi ni kundi jingine, wala usiwachanganye na hawa, yeye lugha anayo yote, kinachogoma ni mtiririko. Usimwambie pumua, usimmalizie neno, usiangalie pembeni, mtazame kawaida mpaka amalize. Kusoma kwa zamu dawati kwa dawati kunamtesa, hofu inapanda kila dawati linapokaribia, mpe asome mapema kabla hajaanza kuhesabu waliobaki, au asome pamoja na mwenzake kwa sauti moja, wengi wakisoma kwa pamoja kigugumizi kinapungua sana, hata kuimba hivohivo. Wenye shida ya kusoma, yaani disleksia, nao niseme kifupi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwahiyo mwenye disleksia anaweza kukisoma bila kukosea ila polepole mno, kidato cha kwanza bado ki-ta-bu, alafu akikutana na "though" na "tough" za Kiingereza ndo anaanguka kabisa. Ukimuona hivo mpime kasi yake ya Kiswahili kwanza.

Kwa mnaoniuliza kuhusu kwenda kusoma, hapa Tabora chuo cha AMUCTA wana digrii ya elimu maalumu, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanayo, na Patandi kule Arusha ndo chuo cha ualimu cha elimu maalumu ambacho wengi wamepitia. Ushauri wangu ni mmoja, usisubiri umalize. Kila mada unayofundishwa tafuta mtoto wake darasani wiki hiyohiyo, andika ulichokiona kwa Kiswahili, maana vitabu vyote ni vya Kiingereza na mifano yao ni ya watoto wa huko, usipoitafsiri kwenye maisha ya hapa itabaki ya mtihani. Asaimenti zangu nzuri zote zimetoka chini ya ule mwembe.

Mwisho ni karatasi. Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha ni wachache nchini na huku kwetu kuwapata ni kazi, kwahiyo kinachombeba mtoto ni maandishi yako. Fungua faili, weka tarehe, weka alichosema kwa maneno yake mwenyewe, kipimo cha masikio, yale maneno matano na siku zake, aliyosema mzazi. Usiandike ana DLD, wewe hukusomea kutoa jina la ugonjwa, andika ulichokiona na unachoomba. Nakala moja mkuu wa shule, moja kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, na usisubiri kidato cha nne, Baraza la Mitihani wana utaratibu wa kuongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu lakini lazima taarifa ziende mapema wakati wa usajili, ukichelewa mtoto anafanya kama wengine. Wakikuuliza kwanini unasumbua, kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, soma sehemu ya elimu uende nayo.

Msichana yuko kidato cha tatu sasa. Faili lake nililipeleka mwenyewe kwa mwalimu anayemfundisha, na juu ya jalada nimeandika kwa wino mwekundu: muite jina kwanza, alafu uliza, alafu hesabu mpaka kumi.